Makumbi Yasiyoiva

Mama yangu alisokota kamba kwa miaka arobaini na mbili, na niseme mapema kabisa kwamba hakuwa mtu mpole. Watu wakifa husifiwa upole hata kama walikuwa pilipili. Mama alikuwa pilipili. Viganja vyake vilikuwa na sugu nene kiasi kwamba aliipua sufuria motoni bila kitambaa, halafu akatucheka sisi tuliokuwa tunahangaika kukitafuta. Mtaa mzima ulimwita Mama Kamba. Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye kadi ya kliniki tu.

Baba alipofariki alimwachia watoto wawili, nyumba ya vyumba vitatu na minazi thelathini na moja nyuma ya nyumba. Mjomba akaja kumhurumia. "Dada yangu, minazi peke yake! Utakula nini?" Mama akamjibu, "Nitaula huo mnazi." Na kweli tuliula, kuanzia kileleni mpaka chini. Makuti tuliyasuka, yakaezeka mabanda ya watu na choo chetu. Njiti za makuti tulizichambua tukafunga fagio, na viatu vyote vya shule alivyowahi kuvaa kaka yangu vilitoka kwenye fagio hizo. Nazi zilikwenda sokoni, madafu yakaenda kituo cha mabasi, mafuta wakachukua wasusi wa nywele, na machicha wakala kuku. Vifuu alivinunua fundi wa vyuma, maana mkaa wa vifuu una moto mkali. Mnazi mmoja ulipopigwa na radi, shina likapasuliwa mbao, na boriti iliyo juu ya mlango wetu ndiyo hiyo mpaka leo.

Lakini moyo wa Mama ulikuwa kwenye makumbi, yale maganda ya nje ya nazi ambayo watu wengi huyatupa au kuyachoma. Aliyakusanya, akayazika matopeni kule nyuma ya minazi, mahali maji ya chumvi yanapopanda na kushuka, akayaacha yaoze miezi tisa au kumi. Yakishaiva unayafukua, unayapiga rungu mpaka unga wote utoke, zinabaki nyuzi safi, ndio usumba wa kusokotea kamba. Ukiyafukua yakiwa machanga, nyuzi zinakuwa kavu, hazishikani. Kamba utaipata, na machoni itapendeza, lakini ikilowa na kubebeshwa uzito inajifumua. Mama alikuwa akisema kumbi ni kama mimba, lina miezi yake, hata umkaripie nani.

Macho yake yalipoanza kuingia ukungu, kaka alikuja. Kaka ni karani wa ghala mjini, mtu wa kalamu mbili mfukoni, na simsemi vibaya, ana roho nzuri. Alitaka Mama ahamie kwake, na minazi wauziwe wapasua mbao.

"Mama, umefanya kazi ya kutosha. Njoo upumzike."

"Kupumzika ni kazi gani hiyo? Hata maiti anapumzika, lakini yeye hana namna."

Walibishana kutwa nzima. Mwisho Mama akajifunga kwa mdomo wake mwenyewe, mbele yetu wote wawili: "Siku kamba yangu itakapomwangusha mtu, nitafunga mizigo kabla hamjaniambia. Mpaka siku hiyo, usinitajie tena habari ya kuhama." Kaka akakubali, maana kwake ilikuwa ni kungoja tu. Kwa Mama ilikuwa ndiyo maisha yenyewe. Ama ale jasho lake nyumbani kwake, ama akae kwenye kochi la mtu akiletewa chai, hata kama mtu huyo kamzaa yeye.

Kuanzia hapo mimi ndiye niliyekuwa macho yake. Nilikuwa nimeachika, sioni haya kulisema, nimerudi nyumbani na begi moja. Mama hakuniuliza kilichotokea. Alinikabidhi rungu, akasema, "Piga makumbi, hasira itaisha." Haikuisha, lakini kazi niliijua. Au nilidhani naijua.

Sasa nifike kwenye lile shimo.

Mwezi ule tulikuwa na mashimo mawili matopeni, moja la miezi kumi, lingine la miezi mitatu, kila moja na kijiti chake cha alama. Maji yakapanda kuliko kawaida yakavibeba vijiti vyote viwili. Hilo si tatizo kwa mtu wa kazi yetu, kwa sababu makumbi yaliyoiva yananuka mpaka unaziba pua. Pua inakuonyesha kabla ya jembe. Ila mimi wiki ile nilikuwa na mafua, na mafua yenyewe si ya mchezo, sisikii harufu ya sabuni wala ya moshi. Ningengoja siku tatu tu. Lakini mkwezi wetu, yule aliyekuwa anapanda minazi ya mtaa mzima, alikuwa anataka kamba mpya ya kitanzi cha miguu, na alikuwa hanunui kwa mtu mwingine isipokuwa kwa Mama. Haraka haraka haina baraka, nimeimbiwa hilo tangu nanyonya. Nikafukua pale nilipodhani ndipo.

Nilipoyapiga niliona ni magumu. Nikajiambia ni homa, mikono haina nguvu. Nikampelekea Mama kibarazani.

Mama hakupima usumba kwa mkono. Alisema kiganja chenye sugu ni mwongo. Alichukua nyuzi chache akazipitisha polepole kwenye mdomo wa chini, kama mtu anayepima joto la uji wa mtoto. Siku hiyo alizipitisha mara tatu.

"Hii haijaiva."

"Imeiva, Mama."

"Umefukua shimo lipi?"

"Lile la zamani. Kwani mimi mtoto?"

"Mdomo wangu unakataa."

Mgongo ulikuwa unaniuma, kichwa kinagonga, tope limenifika magotini. Nikasema, na ningelipa chochote nilirudishe lile neno: "Basi na mdomo nao umezeeka. Macho yamekwenda, na mdomo unafuata. Kaka anasema kweli."

Jamani, nilimtajia kaka. Mama alizishusha zile nyuzi mapajani. Kisha akasema, "Haya. Lete," akaanza kusokota. Kamba ilitoka nzuri, ya kupendeza macho. Mkwezi akaja, akaamkia, "Shikamoo, Mama," akaipokea kwa mikono miwili kama kawaida yake, akaondoka akipiga mluzi.

Wiki ya tatu mvua ilinyesha. Asubuhi yake mke wa mkwezi aliingia uani kwetu bila hodi, kipande cha kamba mkononi, analia. Mumewe alikuwa katikati ya mnazi, kitanzi kikafumuka. Ameangukia rundo la makuti, yu hai, wamempeleka hospitali, lakini mguu umevunjika mara mbili na daktari amesema kukwea tena asahau. Mama akanyoosha mkono apewe kile kipande. Akakipapasa mpaka mwisho, pale nyuzi zilipoachana.

"Ni yangu," akasema. "Nisamehe, mwanangu. Nenda kwa mumeo, nakuja."

Mke wa mkwezi alipotoka, Mama aliingia ndani, nikasikia sanduku linavutwa kutoka chini ya kitanda.

Nilikimbia matopeni. Pua yangu ilikuwa imeshapona siku nyingi. Hatua kumi kutoka pale nilipofukua, harufu ikanipiga. Nikachimba kwa mikono, nikatoa kumbi jeusi, laini, linaachana lenyewe. Shimo la miezi kumi lilikuwa pale pale, limetulia, halijaguswa. Nikakaa kwenye tope nikalia kama mtoto mdogo. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ndivyo tunavyoambiwa. Mimi sikusikia, na guu likavunjika la mwingine.

Nilirudi nikamkuta Mama anakunja kanga, moja juu ya nyingine, anafuata pindo kwa vidole.

"Mama, ni mimi. Nilifukua shimo changa."

"Najua."

"Umejua lini?"

"Mdomo uliniambia siku ile ile."

"Sasa kwa nini ulisokota?"

Akaacha kukunja. "Kwa sababu ulisema kwa uhakika, na mimi nikaogopa. Nikafikiri labda kweli nimekwisha. Nikakuamini wewe kuliko mdomo wangu. Huko ndiko kuzeeka, mwanangu, si haya macho."

Nikamwambia nakwenda sasa hivi kwa mkwezi, nitamweleza yote, na kaka nitamweleza. Kosa ni langu, nadhiri yake haimfungi, hahami mtu hapa. Nilikuwa tayari nimefika mlangoni.

"Rudi hapa!" Sauti ile ya pilipili. Nikarudi. "Ukishasema, itakuwaje? Kila mtu atajua binti wa Mama Kamba hawezi kutofautisha shimo na shimo. Nani atafunga mzigo wake kwa kamba yako? Nani atapandia? Mimi nina miaka sabini na moja, sioni hata kidole changu. Wewe una arobaini na sita, mume huna, kazi nyingine huijui. Hapa lazima jina moja liharibike. Na liharibike la anayeondoka."

"Mama, siwezi."

"Utaweza. Hata kukuzaa niliambiwa sitaweza, na ulikuja na kichwa kikubwa hivyo hivyo."

Nilicheka huku nalia. Naye akacheka kidogo, akafunga sanduku.

Siku mkwezi aliporudishwa kutoka hospitali tulikwenda kumwona. Chumba chao ni kimoja, kina dirisha dogo lenye wavu, na kitanda alicholalia, mguu wa plasta umeinuliwa juu ya mto, kilikuwa kimewambwa kwa kamba za Mama. Mkewe akatoa kigoda. Mama akakikataa, akakaa chini sakafuni.

"Baba," akamwambia, "nimekuangusha. Macho yangu yamekufa na mikono imefuata. Binti yangu huyu aliniambia makumbi hayajaiva. Mimi nikakaza shingo, nikajifanya najua. Nimekuja uniseme mbele yake."

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Nilijua atajitwika lile kosa. Sikujua atanivisha mimi haki yake. Nikafungua kinywa. Mama aligeuza uso upande nilipo, macho yale meupe, nikakifunga.

Mkwezi alikuwa na machozi. "Mama, ajali haina kinga. Nimepanda kwa kamba zako nikiwa kijana mpaka nimezeeka. Siwezi kukusema." Kisha akanitazama mimi, kwa heshima, mtu ambaye mguu wake niliuvunja. "Dada, kumbe ulimwambia. Ahsante kwa hilo."

"Kuanzia leo nunueni kwake," Mama akasema. "Yeye anajua."

Kaka alikuja Alhamisi na gari la kukodi. Mama alimwekea sharti moja kabla hajapanda: anahama bila neno, lakini minazi ni ya dada yake na hautakatwa hata mmoja. Kaka akakubali haraka, naona alishangaa kwamba haikuwa vita. Alikuwa amejiandaa kwa vita. Alimshika mkono kumpandisha, na Mama akaacha ashikwe, jambo ambalo hata mimi sikuwahi kuliona.

Aliishi kule miezi kumi na minne. Kaka anasema hakusumbua hata siku moja. Hakuomba kitu, hakubisha, alikula alichopewa. Kaka huyasimulia haya kama sifa. Mimi nikiyasikia huwa natoka nje, maana mtu huyo anayemsimulia simfahamu, na najua ni nani aliyemtengeneza.

Mkwezi sasa anauza madafu kwa mkokoteni, anachechemea. Kila minazi yangu ikianguliwa, madafu ya kwanza ni yake, na hudhani ni wema wangu. Kazi yangu ni nzuri, sitajifanya mnyenyekevu. Naingia matopeni nikiwa mzima tu, sifukui bila kunusa, na kamba yangu haijamwangusha mtu kwa miaka tisa.

Wateja huja mpaka kibarazani. Wanaivuta, wanaipinda, wanatingisha vichwa. "Hii ndiyo kamba," wananiambia. "Marehemu mama yako, Mungu amrehemu, mwishoni alikuwa ameshaharibu kazi. Wewe ulimwonya, lakini hakukusikia."

Nami hujibu, "Ahsanteni," nikaendelea kusokota.