Binamu Aliyekosa Darasa

Nilikuwa na miaka kumi na miwili, nipo darasa la nne, mjomba alipopanda kwetu Umatengo kutoka ziwani na mfuko wa usipa, dagaa wa Ziwa Nyasa, na binti yake. Mjomba, kaka yake mama, alikuwa ameishi miaka mingi ng'ambo, Malawi. Sasa alikuwa amerudi Mbamba Bay kuuza samaki, maana ilikuwa miaka ya ruksa na kila mtu alikuwa anaanzisha biashara. Binti alikuja kukaa kwetu asome. Alikuwa na miaka kumi na mmoja, na Kiswahili chake kilikuwa cha salamu tu. Yeye na mama waliongea Kinyasa, lugha ya ziwani. Mimi niliyekulia kwenye Kimatengo nilibaki kuwatazama midomo.

"Yuko la ngapi?" baba aliuliza baada ya chakula.

"Sitandadi faivu," mjomba akajibu.

Nikahesabu. Mdogo kwangu mwaka mmoja, halafu yuko mbele yangu. Sikuelewa inawezekanaje, na sikupenda.

"Ya kule si sawa na ya kwetu, shemeji," baba alisema.

"Tano ni tano, shemeji."

"Mimi nilimaliza la nane la misheni. Madarasa nayajua."

"Hata mimi nilimaliza eiti."

"Eiti yenu ni shule ya msingi. La nane letu lilikuwa shule ya kati."

Wakaendelea hivyo mpaka chai ikapoa, na mama akaondoa vikombe bila kuwauliza kama wamemaliza. Mimi hilo la nane lilikuwa linanichanganya siku zote. Shule yetu ilikuwa na vyumba saba, na baada ya la saba ulikuwa unaondoka. Nilidhani baba aliwahi kufika mahali ambapo watoto wa siku hizi hawaruhusiwi.

Jumatatu mama alimpeleka binamu shuleni. Mwalimu mkuu, mtu wa Tanga aliyehamishiwa kwetu, alimpa kitabu cha Kiswahili asome. Alisoma vizuri, kila silabi mahali pake. Alipoulizwa maana ya alichosoma, alianza kukisoma upya. Akaandikishwa darasa la tatu, akaketi katikati ya watoto ambao magoti yao yaliingia chini ya dawati na yake hayakuingia.

Habari ikashuka ziwani, sijui na nani. Wiki haikuisha mjomba akafika kwa lori, akaenda moja kwa moja shuleni na baba nyuma yake. Mimi na binamu tulisimama mlangoni pa ofisi. Mwalimu mkuu hakubishana. Alimwita binamu ndani, akamwandikia ubaoni hesabu ya kugawanya, ndefu, na binamu akaimaliza kabla mwalimu hajafuta chaki mikononi.

"Mnaona wenyewe," alisema. "Hesabu anawazidi la sita wangu. Kiswahili, la kwanza wanamzidi. Sasa nambieni wazazi, mtoto wa namna hii ni wa darasa gani?"

"La tano," mjomba alisema.

"La tatu," baba alisema. Halafu akasema, "Au la nne. Enzi zetu, mtu wa la nane alikuwa..."

"Mzee, la nane halipo," mwalimu mkuu alisema kwa upole, huku akitafuta kalamu. "Lilifutwa siku nyingi."

Mwalimu akaandika la nne, nadhani kwa kuwa liko katikati ya tatu na tano. Njia nzima ya kurudi baba alitangulia peke yake kati ya mibuni, na nyumbani mama aliponiuliza baba ameambiwa nini, nilishindwa kumweleza. Nilijua amekosewa heshima, lakini sikuweza kuonyesha ni neno gani lililomkosea.

Binamu akawekwa kwenye dawati langu. Watu walipomuuliza anasoma la ngapi, alijibu, "Sitandadi foo."

"Hapa tunasema darasa," nilimwambia.

"Darasa ni chumba," alisema. Neno hilo alikuwa amelijua wiki ileile.

Nilimfichia rula yake. Siku mbili tulilala chini ya blanketi moja tukilivuta, kila mtu kwake.

Tulimaliza la saba pamoja. Matokeo yalipokuja, yeye alichaguliwa, mimi sikuchaguliwa. Barua yake ilisema anakwenda kidato cha kwanza.

"Amefaulu," mama aliuliza, "halafu wanamrudisha la kwanza?"

Tulimweleza. Mjomba akapanda tena, na badala ya kufurahi alikuja na wasiwasi. "Eiti hajasoma," alisema. "Huyu ameruka darasa. Atafeli huko. Kwanza nimrudishe ng'ambo amalize eiti."

Baba alikuwa anachambua kahawa kwenye kichanja, akitupa punje zilizotobolewa na wadudu.

"Shemeji, la nane halina kazi. Mimi nilikaa humo mwaka mzima. Sikumbuki lililonisaidia."

Nilijua hasemi kweli. Humo ndimo alimojifunza kupima shamba na kuandika barua za serikali ambazo kijiji kizima kilikuja kuandikiwa.

"Wewe ndiye unayesema hivyo?" mjomba aliuliza.

"Mimi. Mwache mtoto aende."

Binamu akaenda. Sijawahi kujua kama baba alisema vile kwa ajili yake, au kama ile siku ya ofisini ilikuwa imemshawishi kweli. La nane hakulitaja tena.

Mimi walinipeleka kwenye shule mpya ya wazazi, iliyofunguliwa katika ghala la chama cha ushirika lililobaki tupu baada ya wanunuzi binafsi wa kahawa kuingia. Darasa letu liliitwa Pre-Form One. Hakuna aliyeweza kunieleza kama nilikuwa nimeanza sekondari au bado. Nilimwandikia binamu kwamba nipo Form One. Akajibu kwa Kiswahili safi kuliko changu kwamba neno sahihi ni kidato, na kwamba kwa alivyosikia, mimi kidato bado sijaingia.

Alikuwa amesema kweli. Sikumjibu muhula mzima, na kila nilipotaka kujieleza mwenyewe nimekasirikia nini, niliandika mstari mmoja nikaukata.