Baridi ya Bure

Mimi ni bahili wa umeme, na sioni aibu kusema. Nyumbani kwetu Ibighi, hapa Tukuyu, napiga pasi Jumapili tu, nguo zote kwa mkupuo. Maharage hayabandikwi jikoni kabla hayajalala kwenye maji, na kila kona ya bati ina pipa lake la mvua. Bandu bandu huisha gogo, na uniti za umeme ni hivyo hivyo. Mume wangu hunitania kwamba ipo siku nitaliomba jua lipunguze mwanga.

Kisha akaja baba mkwe kutoka Kyimo, kukaa mwezi mmoja akitibiwa macho, nikapata wa kunizidi. Mzee akienda kulala anazima swichi kubwa ya nyumba nzima, iliyo kwenye chumba anacholala. Kwa akili yake, watu wote wakishalala, umeme unamfanyia nani kazi?

Ulikuwa unaifanyia kazi friji yangu. Kila jioni nilikuwa nanunua maziwa kwa jirani mwenye ng'ombe, nayalaza kwenye friji, asubuhi nampelekea mama mwenye mgahawa stendi. Siku mbili mfululizo yakakatika alipoyachemsha kwa chai ya wateja. Akaniambia, kwa upole uliotisha kuliko matusi, kwamba yakikatika mara ya tatu atatafuta muuzaji mwingine. Sikuwa na biashara nyingine.

Utasema ningemwambia tu mzee. Lakini kwa Wanyakyusa wa rika lake, mke wa mwana hamtazami baba mkwe wala hamsemeshi. Akipita huku, wewe unapita kule. Na mume wangu yuko kiwanda cha chai, anarudi mwisho wa wiki. Basi nikasimama jikoni, nikaisemesha ndoo kwa sauti ya kufika sebuleni. Niliieleza habari za friji, za maziwa, za mama wa mgahawa, na nakiri niliigombeza ndoo ile kupita kiasi.

Sebuleni mzee naye akaisemesha kofia yake.

"Kofia, mwambie ndoo, Tukuyu yote hii ni balidi ya bule. Yeye ananunua balidi ya nini? Maziwa ayazamishe kwenye pipa la mvula."

Nilikasirika, nikaamua kumkomoa. Nikachukua dumu la maziwa, nikalifunga vizuri, nikalizamisha mpaka shingoni kwenye pipa nyuma ya nyumba, ili kesho ndoo ipate la kusema. Hasira zilipopoa ndipo nikakumbuka kwamba maziwa yote ya kuuza yalikuwa mle.

Asubuhi nikamimina kikombe kimoja kwenye sufuria, nikabandika. Niliogopa kweli. Maziwa yakatoa mvuke, yakaanza kupanda. Ndipo kutoka upande wa pili wa ukuta, bila kofia wala ndoo, sauti ikaniuliza:

"Mama, yamekatika?"

"Hayajakatika, tata," nikamjibu, nikimwita baba kwa Kinyakyusa.

Tukabaki kila mtu na aibu yake ya kusemeshana, upande wake wa ukuta. Kisha nikamsikia mzee anacheka, taratibu, na mimi nikashindwa kujizuia.