Pombe ya Mlango kule Mushaki

Juzi mjukuu wangu alinipandisha gari mpaka Mushaki, nikamtazamie nyumba anayotaka kununua. Kijana anayeuzisha nyumba za watu, hawa tunaowaita makomisioneri, alitupokea na simu mbili mkononi. Hata jiko hatujaliona, akamwambia mjukuu wangu: "Papa, mufanye mbio, iko bantu wengine babili banaitaka." Nilicheka mpaka nikatafuta pa kukaa. Mjukuu alidhani uzee umenipanda kichwani. La, rafiki yangu. Maneno hayo niliyasikia juu ya kilima hiki hiki nikiwa msichana wa miaka tisa hivi, siku ambazo Mbelgiji angali na barabara yake na sisi tuna ng'ombe wetu mmoja.

Wakati ule tulikaa chumba cha nyuma kwa baba mkubwa: mama, mimi, na tate, yaani mama yake papa, baba yangu. Papa alikuwa mbali, Walikale, akipasua mbao msituni, na nyumbani alifika mara mbili kwa mwaka. Chumba chenyewe kilipakana na jiko la mke wa baba mkubwa, basi tulikuwa tunajua kila siku wanapika nini kabla wao wenyewe hawajala. Mvua ikinyesha, mama anahamisha sufuria kufuata matone, na tate ananung'unika kwamba hata kuku wa jirani wanalala pakavu. Mimi nilicheka, lakini mama hakucheka. Alitaka nyumba yake, basi.

Nyumba yenyewe ilikuwako. Ilikuwa ya mzee mmoja wa kando ya barabara, mvuta kiko, aliyetaka kuhamia kwa mtoto wake kule Kitshanga. Kuta za udongo uliolainishwa vizuri, mlango wenye bawaba za chuma, na migomba nyuma yake mpaka mtoni. Mama na tate walimwendea asubuhi moja na ahadi ya mbuzi wanne. Mzee akavuta kiko, akasema atafikiri.

Sasa lazima nikueleze desturi ya pale, maana bila hiyo hutaelewa wazimu uliofuata. Mtu akinunua nyumba, alileta mtungi wa kasiksi, pombe yetu ya ndizi, ukawekwa kizingitini, na muuzaji, mnunuzi na majirani wakanywa kwa kibuyu kimoja. Hiyo ndiyo pombe ya mlango. Kabla haijanywewa, jina la mnunuzi halitajwi. Mnunuzi mwenyewe hasemi, hata kwa watu wake, kwa sababu nyumba inayotangazwa mapema inaingiwa na kijicho. Wazee walilishika hilo kama misa ya Jumapili. Na mama, ambaye hakujua kusoma, angemwambiaje papa? Barua zetu zilipita kwa mwalimu, na jambo likipita kwa mwalimu kilima chote kimelisikia.

Jumapili iliyofuata mzee akasema yuko mwingine, ameongeza. Mama akaongeza mbuzi wa tano. Wiki moja baadaye, mwingine ameongeza tena. Mama akatoa kitenge alichokiweka kwa ajili ya Noeli, na jembe jipya. Mwingine hakuchoka! Tate akakasirika, akamkabili mzee njiani.

"Muzee, huyo muntu njo nani?"

"Siwezi kutaja jina yake kabla ya pombe ya mulango. Na yako sikuitaja kwake."

"Basi sema analeta nini."

Mzee akatikisa kichwa. Laiti angesema neno moja tu, mbao, mambo yote yangeisha siku hiyo.

Tate alirudi akimlaani mshindani wetu yule. Sio laana kubwa, tate alikuwa Mkristo. Alimwombea tu viatu vimuume miguu, na bugali wake uungue kila jioni. Mimi niliitikia amina.

Katikati ya hayo alipita dereva wa kamio, lori la kubeba mbao, mtu mnene wa furaha, aliyetuletea samaki wakavu na salamu za papa kila alipopanda kutoka Walikale. Alikaa kwetu, akanywa mashanza, maziwa yetu yaliyoganda, vikombe viwili vizima, akapangusa ndevu, akaaga. Mama alimpenda dereva yule kwa sababu alisifia maziwa yake.

Siku ikafika hakuna cha kuongeza ila Gaju. Gaju ni ng'ombe wetu, mwekundu, mpole, na mimi ndiye nilimchunga. Asubuhi nilimsikia kabla ya jogoo, anapumua nyuma ya ukuta wetu. Mama aliposema Gaju ataenda, nililia mpaka nikapata kwikwi. Mama hakunigombeza. Alikaa nami akaniambia nichague: kulala pakavu au kunywa maziwa. Nikasema nataka vyote viwili. Akasema hata yeye.

Mzee alichoka kupandishiwa bei, akaita pande zote mbili Jumamosi, kila mmoja na vitu vyake, mbele ya kapita, msimamizi wa kilima, na majirani. Tukaenda na mbuzi watano, jembe, kitenge, na mimi nimeshika kamba ya Gaju nikiwa nimevimba macho. Tukangoja adui. Ikaja kamio. Ikasimama. Wakashusha mbao, gunia la chumvi, blanketi mbili nyekundu, kisha akateremka mwanaume anachechemea, amevaa viatu vipya vinavyombana.

Alikuwa papa.

Alitabasamu kwa kutuona, akauliza nani ametuambia kwamba anafika leo. Tate aliangalia mbao, akaangalia dereva, ambaye ghafla alikuwa na kazi kubwa chini ya kamio. Kisha akaangalia viatu.

"Kumbe njo weye," akasema.

Basi kilima kikacheka. Kapita alishika ukuta. Dereva wetu alikuwa anakunywa maziwa ya Gaju kwetu, halafu anavuka barabara kwenda kutupandishia bei kwa niaba ya papa! Mama peke yake hakucheka. Alimwambia papa taratibu: "Ulitaka kunichukulia nyumba yangu." Papa akasema alitaka kumpa.

Mzee ndiye aliyebaki na huzuni, na sikumlaumu. Wiki nyingi alikuwa amejiona na ng'ombe. Alisema bei ikishapanda imepanda. Kapita akamjibu kwamba wanaogombania nyumba lazima wawe wawili, na hawa wanakula chungu kimoja. Mzee akavuta kiko muda mrefu. Mwisho alichukua mbuzi wanne wa siku ya kwanza, na mbao za kujengea mlango wake Kitshanga. Gaju akatuachia, kwa sharti moja: kibuyu cha maziwa kila asubuhi mpaka atakapohama. Nilimpelekea mimi, kwa mikono miwili. Alikuwa ahame wiki ile. Alikaa chumba cha mbele miezi mitatu, maziwa yalimnogea.

Papa alilala siku mbili bila kusemeshwa. Siku ya tatu mama akaanza kucheka peke yake akisonga bugali, akaacha uungue.

Leo pale pana ukuta wa mawe wa mtu mwingine. Migomba hakuna, kapita hakuna, na pombe ya mlango hakuna anayeijua. Watu wanatia saini wanaondoka. Siri zetu zile sizililii, zilikaribia kutumalizia mifugo. Namlilia mzee wa kiko. Aliposema yuko mwingine, kweli alikuwako.

Komisioneri alikuwa bado anatuhimiza. Nikamuuliza mjukuu wangu: dada yako, yule wa Goma, naye si anatafuta nyumba?

Akacheka. Kisha akaacha kucheka, akatoa simu mfukoni.