Bango Nililosimika Nyumbani kwa Kocha Haskett

Jumapili ya mwisho ya Novemba, saa nne asubuhi, mji mzima wa Wexley ukiwa kanisani, nilisimika bango la NYUMBA INAUZWA kwenye bustani ya mtu ambaye hakuwa anauza nyumba.

Mwenye nyumba naye alikuwa kanisani. Benchi la tatu, na mkewe. Nilichungulia kwanza dirisha la kanisa kuhakikisha.

Sikuwa nimelewa. Sikuwa nimetumwa na mtu. Nilikuwa na nyundo, bango, na hasira za pointi mbili.

Haya, vuta kiti.

Naitwa Trey Gaskin. Nina miaka ishirini na mbili. Shule niliishia sekondari, chuo sikwenda, nabadilisha matairi kwa Bwana Purvis. Lakini kwenye jukwaa la mashabiki la intaneti nilikuwa mtu mkubwa kinoma. Jina langu kule lilikuwa Hasira za Nyumbu.

Nyumbu ndiyo timu yetu. Nyumbu wa chuo cha Wexley. Mpira wetu ni ule wa umbo la yai, wa helmeti na kugongana mabega. Kila Jumamosi ya vuli watu elfu arobaini wanajazana uwanjani kutazama vijana wa chuo, na ukimuoa binti wa hapa, baba mkwe anakuuliza timu kabla ya kazi.

Watani wetu wa jadi ni Brantlow, saa moja na nusu kwa gari. Tunagombea Kiatu cha Nyumbu. Ni kiatu kweli, chuma cha kwato chenye kutu, cha nyumbu wa mizigo aliyekufa zamani, kimepigiliwa kwenye kipande cha mbao. Ukipewa bure utakitupa.

Kwa ajili ya hicho chuma watu wamenuniana miaka tisini.

Sasa, Kocha Lyle Haskett. Alipokuja kwetu timu ilikuwa imetoka kushinda mechi mbili msimu mzima. Msimu wake wa kwanza akashinda saba, akapoteza tano. Wa pili, tisa kwa tatu. Jumla kumi na sita kwa nane.

Mtu mwenye akili angesema asante.

Lakini kwa Brantlow? Mbili kwa sifuri. Mbili za kwao.

"Kumi na sita ni nyingi, mwanangu," Bwana Purvis aliniambia siku moja, mkono uko ndani ya tairi. "Mpe muda."

"Kumi na sita amewafunga akina nani, bosi? Ondoa vile vyuo vitatu vya watoto wa kujisomea Biblia. Ondoa ile ya mvua. Ondoa ile ambayo kocha wao alikuwa anaumwa tumbo. Zinabaki ngapi?"

"Ukiendelea kuondoa hivyo, hata mimi hapa utakuta sijawahi kufunga tairi."

Wateja wakacheka. Mimi nikaenda kuandika. Nilipanga namba zake zote, kila ushindi nikaupa kisingizio, kila kipigo nikakipa herufi kubwa. Watu elfu sita wakasoma kabla ya chakula cha mchana.

Utamu wa watu elfu sita wakikuita mwamba, usikie tu kwa jirani.

Ila nisijifanye. Takwimu zilikuwa koti tu. Ndani ya koti kulikuwa na mdogo wangu.

Corbin ni mpigaji mateke. Wale wanaopiga mpira upite katikati ya nguzo mbili, pointi tatu. Alianza na miaka tisa, nyuma ya nyumba yetu, mimi nikimrudishia mipira. Wexley walimchukua bila udhamini, yaani anacheza bure na ada anajilipia. Ada hiyo ilikuwa inatoka kwenye vidole vya mama, kiwanda cha kuku, zamu ya alfajiri. Corbin asipopata udhamini kufikia mwaka wa tatu, basi. Anakuja kufunga matairi na mimi.

Haskett mwenyewe ndiye aliyekuja kumchukua nyumbani. Akala mikate ya mama na mchuzi wa soseji, akaongeza, halafu akasimama kuosha sahani.

"Mtu anayeosha sahani ya ugenini," mama akasema, "huyo namwamini."

Basi huyo huyo muosha sahani akamweka dogo benchi misimu miwili.

Ndipo tukafika Jumamosi ile. Brantlow ishirini na moja, sisi kumi na tisa. Zimebaki sekunde nne, yadi thelathini na moja. Teke ambalo Corbin analipiga huku anapiga miayo.

Haskett akamtuma mwingine.

Mpira ukaenda kwa wauza bisi.

Nilimwona Corbin pembeni, helmeti mkononi, anatazama chini. Nikasema moyoni, huyu kocha ataondoka mjini hapa, na nitamfungashia mimi.

Kwetu, kocha akichokwa, kuna mtu humsimikia bango la nyumba inauzwa. Ni desturi. Polisi wenyewe wanapita, wanapiga picha, wanaendelea na safari.

Ubao niliutoa nyuma ya banda letu. Plaiwudi la zamani, tulilokuwa tunalitumia utotoni kama shabaha ya mateke ya dogo. Upande mmoja umechakaa kwa mipira, wa pili safi. Nikaandika upande safi kwa rangi nyekundu:

NYUMBA INAUZWA. MWENYEWE ANAHAMA. BADO HAJUI.

Nikausimika, nikapiga picha, nikaituma. Nikawahi kanisani wimbo wa mwisho, nikasimama benchi la nyuma, mama yuko mbele kwenye kwaya, nikaimba kwa sauti.

Mpaka jioni picha ilikuwa imetazamwa na watu laki tatu. Redio iliisoma. Watangazaji wa televisheni waliicheka. Matajiri wanaoichangia timu wakapigiana simu.

Jumatatu saa tano Haskett akafukuzwa.

"Umefurahi?" Bwana Purvis akaniuliza.

"Nimefurahi, bosi."

"Mbona tairi umeligeuza?"

Wiki ile jukwaani tulikuwa wendawazimu. Tulifuatilia kila ndege ndogo iliyotua uwanja wa karibu tukidhani imemleta kocha mpya. Moja tuliipokea watu arobaini na mabango. Akashuka daktari wa meno na mbwa wake.

Kocha mpya akaja hatimaye. Ana meno meupe na mdomo mtamu. Siku ya tatu akawaita wapigaji mateke.

Corbin aliingia jikoni jioni hiyo, akaketi bila kuvua koti. Mama alikuwa anamenya viazi.

"Amekuja na mpigaji wake," akasema. "Mimi nimeachwa."

"Atakuona tu, dogo," nikasema. "Mazoezi ya—"

"Braza, nimeachwa. Kabati langu limeshatolewa vitu."

Mama akaweka kisu chini.

"Haskett alikuwa ananipa udhamini Januari," Corbin akasema. "Kamili. Barua ilikuwa mezani kwake. Aliniambia nikae kimya mpaka aitangaze mbele ya timu."



"Sasa kama anakupenda hivyo," nikauliza, "kwa nini hakukupa lile teke?"

"Nilikuwa naumwa nyonga tangu Oktoba. Nilimwomba asiseme, mama asije akanizuia kucheza. Waandishi walimuuliza kwa nini nimekaa benchi, akasema ni uamuzi wake. Ukamuua, ule uamuzi wake."

Mama akaanza kulia kimya kimya, anamenya kiazi ambacho kilishamenywa.

"Ningempata huyo mjinga wa bango," akasema, "ningemlisha hilo bango."

Nikasema viazi vimenoga. Havikuwa hata vimepikwa.

Mwisho wa Desemba, kocha wa Brantlow akastaafu.

Wakamchukua nani?

Ndiyo. Huyo huyo.

Jukwaa likawaka. Msaliti, nyoka, arudishe vyombo vyetu. Na mimi nikaandika, tena nikapigiwa makofi. Wiki mbili baadaye Corbin aliweka jina kwenye orodha ya wachezaji wanaohama. Simu ikapigwa siku hiyo hiyo. Udhamini kamili.

Gaskin mzima anakwenda kuvaa njano ya Brantlow. Babu yangu alizikwa na kofia ya Nyumbu kichwani!

Wakati wa kuondoka Corbin alimkumbatia mama muda mrefu. Mimi alinipa mkono.

Mkono tu. Nikadhani ni haraka ya safari.

Msimu ukaja. Yule mwenye meno meupe akashinda mechi tatu, akapoteza nane. Jukwaani wakaanza kuulizana nani ana bango.

Novemba ikafika, mechi ya Kiatu, safari hii kwao. Nilikwenda na mama. Mimi nimevaa kijani ya Nyumbu. Mama amevaa njano, mgongoni GASKIN, na hakutaka mjadala garini.

Na Mungu ana utani wake. Dakika ya mwisho, sisi ishirini, wao kumi na nane. Pointi mbili. Zimebaki sekunde tano, yadi arobaini na saba.

Akaingia dogo.

Sijui nilitaka nini. Nakuambia ukweli, nilikaa pale, nusu yangu inaomba apige, nusu inaomba akose. Kwa ile nusu ya pili sijawahi kujisamehe.

Ukapita katikati. Haukugusa hata upepo.

Mama alipiga kelele mpaka miwani ikadondoka.

Baada ya mechi familia huruhusiwa kushuka kwenye korido ya wachezaji. Tukashuka. Vijana wanapita na Kiatu, wanaimba, jasho na nyasi. Na kila anayepita, kabla ya kuingia chumba cha kuvalia, anaruka anapiga kofi ubao uliotundikwa juu ya mlango.

Plaiwudi la zamani.

Maandishi yameelekea ukutani, rangi nyekundu imechuruzika ukingoni. Upande uliotazama watu ulikuwa ule uliochakaa. Alama za mipira, vistari vya penseli kwa mamia, kimoja kwa kila teke lililogonga, na juu kabisa mwandiko wa mtoto: CORBIN, MIAKA 9.



Sikuwahi kuugeuza ubao ule nikausoma, wadau. Niliusimika kwenye bustani ya mtu na jina la mdogo wangu mgongoni.

Mama aliuona pia. Akasogea karibu, akasoma. Kisha akanitazama, akaondoka kwenda kumtafuta mwanawe. Afadhali angenilisha hilo bango.

Corbin alikuja mwenyewe, nyonga imefungwa barafu.

"Umeona," akasema.

"Dogo, mimi—"

"Siku aliyofukuzwa aliniita ofisini. Ubao alikuwa ameung'oa akaufungia ndani ili waandishi wasiuone upande huu. Akaniambia, 'Hizi hesabu zako ni nzuri, usizitupe.' Hakuniuliza nani kaandika. Nilipohamia huku nikaja nao."

"Ulijua ni mimi?"

"Mama alikuwa kwaya. Mimi nilikuwa kwa daktari wa timu. Nyumbani tuko watatu, braza. Wewe mtu wa takwimu, piga hesabu."

"Kwa nini hukusema mwaka mzima?"

"Nilikuwa nasubiri useme wewe."

Kocha Haskett akapita, Kiatu kwapani. Akavua kofia kwa mama pale mbele, akamuuliza kama bado anapika ule mchuzi. Kwangu akainamisha kichwa tu, kama mtu anayemsalimia fundi wa matairi asiyemjua.

Ningependa angenitukana.

"Nikuulize kitu kimoja," Corbin akasema. "Haskett kwenye mechi za Kiatu, rekodi yake?"

"Moja kwa mbili," nikajibu haraka. Ulimi una mazoea. "Mechi tatu, zote kashinda Brantlow. Yeye kahama benchi tu."

"Na mimi? Msimu huu nimepiga mateke mangapi yakapita?"



Sikujua.

Nilijua pointi za kila mechi ya Haskett mpaka ile ya mvua. Mateke ya mdogo wangu, niliyemrudishia mipira na mikono yangu, sikujua hata moja zaidi ya lile la jioni hiyo.

"Kumi na tisa," akasema. "Kati ya ishirini na mbili."

Akaruka kwa mguu mzima, akaupiga ubao kofi, akaingia ndani. Mlango ukajifunga.

Jukwaani nilijifuta siku hiyo hiyo. Walinitafuta wiki nzima, maana yule wa meno meupe naye keshachokwa na walitaka mtaalamu wa mabango. Bwana Purvis ameniambia nichague, niwe fundi au niwe chizi. Krismasi Corbin alikuja nyumbani. Tulikula pamoja. Aliniomba chumvi, nikampa.

Ndipo tulipofikia, kwenye chumvi.

Hukumu ya mtu ni rahisi ukishika upande mmoja wa ubao, rangi unayo, na watu elfu sita nyuma yako. Lakini kabla hujaenda kumsimikia mtu aibu mlangoni kwake, ugeuze kwanza. Huenda nyuma yake kuna jina la mtu wa nyumbani kwako.