Bunduki ya Mti wa Mukau

Wanaosema pale Kathonzweni kwamba marehemu Mbaluka alitoka jeshini na bunduki ya serikali ndani ya gunia la ndengu wanasema uongo. Mbaluka alirudi nyumbani na sanduku moja la bati, redio ndogo na maumivu ya mgongo. Kila kitu cha jeshi alikikabidhi akatia sahihi, na karatasi ipo. Mjane wake, Mwalimu Kavata, aliyekuwa mkuu wa shule miaka kumi na minne, ameiweka ndani ya Biblia, kitabu ambacho wasengenyaji wake hawakifungui mara nyingi.

Alichokiona jirani yake Mulinge ni kitu kingine. Mulinge alikuja kuazima pampu ya kunyunyizia dawa, akachungulia dirisha la stoo, akaona mtutu umechomoza kwenye blanketi. Hakuuliza. Alirudi sokoni bila pampu, na kabla jua halijatua kila kibanda kilikuwa na bunduki yake.

Mbaluka alikuwa fundi wa silaha. Miaka ishirini na mitatu alifungua na kufunga bunduki za G3, zile nzito ambazo wanajeshi walizibeba kwenye nyanda za joto huko kaskazini. Alipostaafu, mikono yake ilikataa kustaafu. Akakata tawi la mukau nyuma ya nyumba, akaketi kando ya tangi la maji, akaanza kuchonga kwa kumbukumbu.

Zilikuwa alasiri ndefu za kiangazi, zile ambazo hata kuku husahau walikokuwa wakienda. Kavata alisahihisha daftari, mume wake akachonga, na vumbi la mti likaelea juani kama unga wa dhahabu. Mbaluka alikuwa akiongea polepole, kama mtu anayesimulia mto wa kwao.

"Wajerumani waliianza vita vyao vikiisha," alimwambia. "Ikamaliziwa Uhispania, halafu ikarudi kwao, ndipo ikazunguka dunia. Mwili wake ni bati la kukandamizwa kwa mashine. Ukiitazama utafikiri ni bomba la maji. Lakini ndani, Kavata! Ndani kuna vibiringo viwili, vidogo kama punje za maharagwe. Risasi ikilipuka, vinaling'ang'ania komeo kidogo tu, kama kope ikifumba. Risasi ikishatoka mdomoni, vinaachia."

"Na visipong'ang'ania?"

"Inakupasukia usoni."

Kisha kisu chake kilikuwa kikisimama hewani, na Kavata alijua kwamba ameenda. Macho yalibaki pale kwenye tangi, lakini mwenyewe alikuwa mbali, mahali ambapo ardhi inatetemeka kwa joto na mtu akija kwa mbali huonekana anaogelea. Alimwacha. Chai ikipoa alimpashia nyingine.

Mbaluka alikufa miaka mitatu iliyopita. Mwaka huu binti yao Mbula alipata mchumba kutoka Mbumbuni, na siku ya ntheo ikapangwa, siku ambayo mbuzi wa upande wa kijana huingia bomani na msichana akahesabika ameposwa. Ndipo habari ya Mulinge ikafika Mbumbuni. Mbuzi hawakuja. Ulikuja ujumbe kwamba wazee wanafikiria. Mbula hakulia mbele ya mama yake, lakini alianza kula akiwa amesimama.

Kavata aliwaita watu wa Mbumbuni. Wakaja wawili: Nduku, mama wa kijana, na Kitheka, mjomba wake, ambaye naye alikuwa mwanajeshi zamani.

"Mwalimu, hatujaja kwa ubaya," alisema Nduku.

"Asiyekuja kwa ubaya huleta mbuzi," Kavata akajibu, akimmiminia chai.

Kitheka alicheka mpaka akakohoa. Kavata akaingia stoo, akarudi na blanketi, akalifungua juu ya meza. Mzee aliacha kukohoa. Aliinua kile kitu, na uso wake ukawa kama wa mtu aliyepunjwa.

"Ni nyepesi! Ile yetu ilikuwa inakula bega."

Akafumba macho. Vidole vyake vilienda vyenyewe, vikasukuma vijiti vinavyoshikilia kitako, vikavichomeka kwenye matundu yake ili visipotee, jinsi walivyofundishwa. Kitako kikatoka. Komeo likateleza. Vibiringo viwili vya mti vikaangukia kiganjani, laini kama mbegu.

"Mbaluka, wewe!" alinong'ona.

Akaelekeza mtutu dirishani achungulie. Hakuona mwanga. Mtutu haukuwa umetobolewa. Ulikuwa mti mtupu mwanzo hadi mwisho.

"Kwa hiyo tumezuia mbuzi kwa sababu ya hii?" Nduku aliuliza. "Mwiko wangu wa ugali una hatari zaidi!"

Wote wakacheka, hata Mbula aliyekuwa nyuma ya mlango. Lakini Kitheka alikuwa bado anaipapasa. Alijaribu kuzungusha kile kitufe cha ubavuni, cha kuchagua kufyatua moja moja au mfululizo. Hakikuzunguka. Kilichongwa pamoja na mwili, kikielekea kwenye usalama, pale ambapo bunduki haifyatuki.

"Fundi wa aina hii hakosei," alisema. "Kila kitu kinacheza isipokuwa hiki. Kwa nini?"

Kavata alijua. Alikumbuka alasiri ambayo Mbaluka alichonga sehemu ile, jinsi alivyoweka kisu chini na kumweleza jambo la huko kaskazini, mara moja tu, kwa sauti ya mtu anayezungumza usingizini.

"Tuambie, mwaitu, mama yetu," Nduku akasogea karibu. "Tukishakuwa jamaa moja, hakuna siri."

Kavata aliokota vibiringo, akavirudisha mahali pake, akakunja blanketi.

"Mlikuja kuuliza kama mume wangu aliiba. Hakuiba, na mmeona kwa macho yenu. Leteni mbuzi au msilete. Hilo lingine sisemi."

"Hata Mbula hajui?" aliuliza Kitheka.

"Nimesema sisemi."