Kirukanjia wa Buhinyuza

Juzi, kwenye maabara yetu Gitega, mwenzangu alinisogezea hadubini nitazame kilichotoka kwenye kinyesi cha kirukanjia, mnyama mdogo kama panya: vimelea vya duara, vidogo mno, vya aina ambayo hakuna aliyewahi kuiandika. "Hivi bado havina jina," alisema. Lakini ile harufu kali ya kirukanjia ilikuwa imeshanirudisha Buhinyuza, utotoni.

Tulikuwa na siku mbili tu tangu tutoke kambi ya wakimbizi Tanzania. Alasiri nilimkuta kirukanjia amekufa katikati ya njia, pua yake ndefu imelala vumbini. Bibi, aliyekuwa akianika maharage, alinieleza kwa Kiswahili chake cha kubahatisha: "Mwananje," yaani mwanangu, "hii ikivuka njia, inakufa."

Nikawaza kwamba sisi tumevuka mpaka mzima. Nikakaa kizingitini kusubiri zamu yetu ya kufa. Ng'ambo ya njia watoto walikuwa wakicheza mpira wa majani ya migomba. "Wewe wa Tanzania, njoo," waliita, maana jina langu hawakulijua.

Leo najua njia haiui. Siku ile sikunyanyuka. Waliniita mara tatu, kisha wakaacha.