Alipopotea Kwenye Ukungu wa Bvumba

Chenesai Mutisi alikuwa muuguzi miaka ishirini na mitatu kabla hajashika kazi ambayo sisi majirani zake wa mtaa wa Sakubva tuliiona kichekesho. Alikuwa mnasihi, lakini hakuwa na ofisi. Hospitalini aligundua kwamba mwanamume akikaziwa macho hufunga mdomo; ukitembea naye bega kwa bega, naye akitazama njia, mwishowe husema. Kwa hiyo kila Jumatano ungemwona akipanda milima ya Bvumba na mtu mmoja, wamevaa masweta, wanakwenda polepole. Mama Rudo wa nyumba ya pili alimtania: "Wenzako wanapanda mlimani kuomba, wewe unapanda na waume za watu."

Mwaka mmoja aliletewa Zvidzai Sithole, dereva wa treni ya mizigo, aliyeletwa na dada yake mkubwa, Ennia. Mwezi Machi, kwenye kona, mwanamke mmoja alikuwa akivuka reli na gunia kichwani. Zvidzai alipiga honi, akakaza breki, lakini mabehewa thelathini hayasimami kama baiskeli. Tangu siku hiyo hakurudi kazini, na usingizi ulimkimbia.

Siku ya kwanza Chenesai alimweleza masharti yake: yote atakayosema yatabaki kati yao wawili, isipokuwa yeye Chenesai akihofia uhai wa Zvidzai. Zvidzai aliitikia kwa kichwa. Matembezi mawili yakapita akieleza habari za breki tu.

Matembezi ya tatu, walipokuwa wanakaribia barabara, alisema bila kugeuka, "Sista, siku nyingine naona yule mama amepumzika kuliko mimi."

Kabla Chenesai hajafungua kinywa, Ennia aliyekuwa akiwasubiri alikuja na koti la ndugu yake. Zvidzai akatabasamu, akaaga. Swali lililopaswa kuulizwa pale Chenesai alilijua. Alikuwa amelifundisha kwa wauguzi wadogo kwa miaka. Hakuliuliza. Wiki ile alimpigia simu mara mbili, na mara zote mbili Zvidzai alijibu kwamba hajambo.

Jumatano iliyofuata ukungu ulishuka mapema. Chenesai aliazimia kuuliza wakishapita msitu. Kabla hawajafika, Zvidzai aliomba kujisaidia kidogo. Chenesai akampa mgongo kwa heshima, akangoja. Dakika tano zikapita, kisha kumi. Aliita, "Moyo!" kwa jina la heshima la mbari yake, kama watu wa kwao wanavyomwita mtu mzima. Ukungu ukameza sauti.

Chini ya njia ile kuna genge refu la mawe. Chenesai aliteremka kwa makalio, sketi ikachanika, akachungulia ukingoni. Aliona weupe mtupu. Alishika mzizi kwa mikono miwili asiteleze. Simu haikuwa na mtandao, ikabidi apande tena hadi kwenye mwamba wa juu, akiita huku akihema. Hapo akampigia Ennia, akamweleza kila kitu, pamoja na maneno ya wiki iliyopita.

Ennia aliuliza, "Ulijua tangu wiki iliyopita?"

"Nilijua, dada."

Simu ikakatwa. Chenesai akawapigia walinzi wa msitu; wanne walikuja na kamba, wakatafuta kwa saa mbili. Chenesai alikaa juu ya jiwe, na kila mlinzi alipopaza sauti kule chini, alisimama. Ndipo Ennia akapiga: ndugu yake ameingia sasa hivi, ameletwa na lori la ndizi, yuko mezani mbele ya ugali wa sadza.

Chenesai alikwenda moja kwa moja, matope mwili mzima. Sadza ilikuwa haijaguswa. Alivuta kiti akakaa pembeni ya Zvidzai, wote wakitazama ukuta.

"Moyo, unafikiria kujiua?"

"Nilikimbia kwa sababu nilijua leo utaniuliza hilo." Akasugua meza kwa kidole. "Ndiyo. Jumapili nilikwenda relini, nikarudi."

Ennia alijishika kwenye mlango. Zvidzai alipotambua kwamba dada yake ameshaambiwa, alikasirika, akasema Chenesai amevunja ahadi. Chenesai alimkumbusha mpaka wa ile ahadi, kisha akamwomba radhi kwa jambo jingine: kwamba alipaswa kuuliza wiki iliyopita, na hofu ilimzuia.

Usiku ule Ennia alilala kwenye mkeka mlangoni pa ndugu yake. Asubuhi walimpeleka hospitali, akalazwa siku tisa. Alipotoka hakupokea simu za Chenesai kwa wiki tatu, na Chenesai kila aliposikia treni ikipita bondeni aliacha alichokuwa akifanya mpaka ipotee.

Jumatano ya nne Chenesai alimkuta Zvidzai kando ya barabara, amesimama na Ennia. Zvidzai alikuwa na sharti: dada yake atembee nyuma yao, na asisikilize.

"Mimi nasikia magoti yangu tu," alisema Ennia, aliyekuwa na miaka sitini na miwili.

Wakapanda. Chenesai alijiweka upande wa genge. Baada ya kona ya tatu Zvidzai alisema ameulizia, ameambiwa yule mama aliitwa Mavis. Kisha akaanza kueleza Mavis alivyokuwa amevaa siku ile.